Vashti na Mfereji wa Ruffin

Kila mwaka siku ya sherehe ya kanisa, kina mama wa ukingo wa magharibi wa Dismal, kinamasi kikubwa cha huko Marekani, walipokuwa wakipanga mezani nyama ya nguruwe ya kuokwa, sukuma wiki na mikate ya mahindi, Vashti Boone aliweka jagi lake kubwa katikati. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya chai ya rangi. Mwaka fulani mhubiri mgeni alijimiminia bilauri, akatia vijiko viwili vya sukari, akakoroga, akaonja, akakunja uso.

"Dada, chai yako mbona haina majani?"

"Si chai, mchungaji. Ni maji."

"Maji gani yana rangi hii?"

"Ya kinamasini. Kunywa tu, hayajaua mtu. Zamani manahodha walikuwa wanayapakia kwa mapipa, wanakaa nayo baharini miezi, hayaozi. Mahubiri yako mwenyewe yanachacha kabla hujafika Amina."

Mhubiri alicheka mpaka akapaliwa, na maji akayamaliza.

Vashti alizaliwa mwaka 1931, mtoto pekee wa Lemuel Boone, mpasua vigae vya mbao vya kuezekea nyumba. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia, Lemuel alianza kwenda naye kazini. Majirani wakapiga kelele.

"Lemuel, mtoto wa kike unampeleka kwa dubu na nyoka wa njuga?"

"Dubu wana adabu," Lemuel akawajibu. "Ninaowahofia ni nyinyi."

Basi mtoto akakulia humo. Alijifunza kwamba ardhi ya Dismal si ardhi ya kukanyagwa hivihivi. Ni mboji, majani na mizizi iliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza, kina chake kinameza mtu mzima na kofia yake. Ukiruka juu yake, mti ulio hatua kumi mbele yako unatikisa kichwa. Alijua kukanyaga mizizi, si katikati ya mizizi. Alijua kigogota akinyamaza ghafla asimame na yeye. Baba yake alikuwa na fimbo ndefu ya chuma. Alikuwa akiichomeka kwenye mboji taratibu, na ikigonga kitu alimwita Vashti ainuse ncha. Ikinukia kama sanduku la nguo za harusi, basi huko chini kuna mwerezi ulioanguka kabla babu zao hawajaletwa Marekani, na mbao yake bado nzima.

Katikati ya maji hayo palikuwa na mwinuko mkavu wa mchanga, mpana kiasi cha kiwanja cha mpira. Ukoo wa Boone waliuita Kisiwa cha Hagar. Hagar alikuwa mama wa bibi yake Lemuel. Alitoroka utumwani katika shamba moja huko Carolina akiwa na mimba ya miezi saba, akapokewa na watoro waliokuwa wamejenga vibanda kisiwani hapo, akajifungua humo humo. Aliishi kwa samaki, mahindi machache na vigae alivyopasua yeye na wenzake, ambavyo watumwa waliochimba mifereji walivipeleka nje kwa siri wakarudi na chumvi na nguo. Hakutoka mpaka vita vilipokwisha na utumwa ukafutwa.

"Waliomwinda walikuwa na mbwa, na farasi, na bunduki," Lemuel alikuwa akimwambia bintiye. "Hagar alikuwa na maji tu. Na maji yakawashinda."

Ruffin Eley hakuwa mtu wa maji. Kwao ni upande wa karanga, mashamba makavu yaliyonyooka, na kinamasi alikitazama kwa mbali kama watu wanavyotazama nyumba ya mchawi. Akiwa na miaka ishirini na mitatu mbwa wake wa kuwindia alipotelea ndani, naye akamfuata kwa ujinga wa mapenzi. Vashti, aliyekuwa akiwahi kazini asubuhi, alisikia mtu anaimba tenzi za kanisa juu ya mti wa mberoshi.

"Wewe uliye juu huko, unatafuta nini?"

"Kuna dubu!"

"Yuko wapi?"

"Alikuwa hapo chini."

"Lini?"

"Jana jioni."

Vashti akashika kiuno. "Ameshakula, amelala, ameamka, amekwenda zake, wewe bado umekumbatia mti. Teremka, kaka."

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi."

Alimtoa humo ameshika kamba ya aproni yake kama mtoto wa chekechea, nao wakamkuta mbwa nyumbani, amelala barazani kashiba. Kwa miezi tisa iliyofuata Ruffin alipita kila Jumapili na mfuko wa karanga za kuchemsha. Mwishowe Lemuel alimwita pembeni.

"Kijana, unamtaka binti yangu, au unataka mtu wa kukuonyesha njia?"

"Vyote viwili, mzee."

Lemuel akapenda jibu. Wakaoana mwaka 1952.

Ruffin alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: mitambo. Kampuni ya mbao ilipoleta kijiko kipya, mtambo wa kuchimbia udongo, madereva watatu waliogopa kukizamisha topeni. Ruffin alipanda, akashika vipini, akakigeuza kama mtu anayegeuza chapati. Walisema angeweza kuokota yai kwa ndoo ya chuma na lisipate ufa. Siku zile mtu mweusi kukalia kiti cha mtambo mpya, huku wazungu wamesimama chini wakimsubiri, halikuwa jambo dogo. Wazee kanisani walimpa mkono mmoja mmoja. Vashti mwenyewe alimshonea kofia.

Halafu, mwaka 1956, alirudi na habari kwamba amepewa kuchimba mfereji wa maili nane, ulionyooka kama rula. Maji yakauke, na udongo utakaotoka urundikwe pembeni uwe barabara ya kusombea magogo.

Vashti alikuwa anapakua chakula. Upawa ukasimama hewani.

"Unapita wapi?"

"Unaanzia kwenye reli ya zamani, unakwenda moja kwa moja mpaka karibu na ziwa."

"Kwa hiyo unapita mbele ya mierezi ya baba, anakopasua vigae."

"Vashti, ni mfereji tu. Maji yatapungua kidogo."

"Mtu ukimkata mshipa, damu inapungua kidogo?"

"Sasa nifanye nini? Nikikataa mimi, kesho anapanda mwingine. Na huyo mwingine hatapita mbele ya mierezi, atapita katikati yake."

Alimalizia kupakua chakula. Hakumkataza. Alijua maana ya kile kiti kwa mumewe, na alijua maana ya yale maji kwa baba yake, na hakuona namna ya kuvikalisha meza moja.

Lemuel alikwenda kuuona mfereji mara moja tu. Alikaa juu ya kisiki, fimbo yake ya chuma magotini. Ruffin alizima mtambo, akateremka, akavua kofia.

"Mzee, unasemaje?"

Lemuel aliutazama mfereji kushoto, akautazama kulia. "Umenyooka," akasema. "Sijawahi kuona kitu kilichonyooka hivi humu ndani." Akainuka, akaenda zake. Majira ya baridi yaliyofuata homa ya mapafu ikamchukua, na Ruffin akabaki na maneno yale, asijue kama alisifiwa au alilaaniwa.

Watu wakauita Mfereji wa Ruffin. Mwanzoni alijivuna.

Mambo ya maji hayaji siku moja. Mwaka wa kwanza vyura walipungua upande wa mashariki wa barabara. Miaka mitano baadaye mboji ilianza kushuka, kama keki iliyotolewa jikoni mapema, na mizizi ya mierezi ikabaki nje kama miguu ya kuku. Upepo wa kimbunga ulipokuja, mierezi ya Lemuel ililala chini safu kwa safu. Mahali pake ikaota mepo, miti isiyo na makosa yoyote isipokuwa kwamba haikuwa kwao. Kisima cha nyuma ya nyumba kikatoa maji meupe yenye ladha ya msumari.

Vashti hakununa, wala hakugombana. Alimpikia mumewe, alimfulia, alicheka naye, wakalea mabinti wawili ambao baadaye walihamia Philadelphia. Lakini habari za kinamasi hakumsimulia tena. Zamani usingizi haukuwachukua kabla hajamwambia leo kaona nini. Sasa mlango wa mazungumzo hayo ulifungwa, na Ruffin hakuwa na ujasiri wa kubisha hodi. Alichofanya ni kitu kimoja. Kila Jumamosi alipakia madumu kwenye gari, akazunguka maili thelathini mpaka upande ambao mifereji haikuufikia, akachota maji ya rangi ya chai, akayaweka jikoni karibu na jagi. Hakusema ameyatoa wapi. Vashti hakuuliza. Aliyachuja kwa kitambaa cheupe na kuyanywa.

Kampuni ilipomaliza miti ikaondoka, na serikali ikafanya kinamasi kuwa hifadhi. Mfereji ulibaki pale pale ukinywa maji usiku na mchana. Kisha ukaja ukame wa mwaka 1994, na radi isiyo na mvua ikapiga.

Moto wa Dismal si kama moto mwingine. Juu unaweza kuona moshi mwembamba tu, kama wa mzee anayevuta kiko, kumbe chini mboji inaliwa, futi kwa futi, na miti inaanguka ikiwa bado ina majani mabichi kwa kuwa haina pa kusimama. Uliwaka wiki saba. Wazima moto walimwaga maji, nayo yakatiririka mferejini na kwenda zake. Moshi ulifika mpaka Norfolk. Barabara ilipofunguliwa hatimaye, Vashti, sasa miaka sitini na mitatu, alivaa buti.

"Naenda kuona kama kisiwa cha Hagar kimepona."

"Twende wote," Ruffin akasema.

"Wewe? Utapanda mti."

"Miti yenyewe imebaki wapi?"

Waliacha gari barabarani wakaingia kwa miguu, Vashti mbele na ufito wake mrefu. Ardhi ilikuwa ya kijivu, laini, sawasawa kama unga uliochekechwa. Alikuwa akipapasa kwa ufito kila hatua. Ruffin, aliyekuwa nyuma, aliona gamba la kasa lililoungua, akachepuka hatua mbili tu kulitazama. Ardhi ikamfungukia bila sauti. Chini ya ganda la majivu palikuwa na shimo, na chini ya shimo makaa. Mguu wa kulia ulizama mpaka pajani.

Alipiga ukelele ambao Vashti hakuwahi kuusikia kwa binadamu.

"Usisimame! Lala! Lala kifudifudi kama unaogelea!"

"Siwezi kuog—"

"Lala, Ruffin!"

Alilala. Vashti naye akajitupa kifudifudi, uzito wake ukatawanyika juu ya majivu, akamsukumia ufito. Mumewe akaushika kwa mikono miwili. Alimvuta huku akirudi nyuma kwa tumbo kama mamba, shubiri kwa shubiri, majivu yakimjaa mdomoni, mpaka vidole vya miguu yake vikahisi mzizi mzima. Hapo akapata pa kushikia. Alimkokota hadi barabarani, akamvua buti lililoanza kuyeyuka, akammiminia mguuni maji yote ya chupa waliyokuja nayo. Kisha wakakaa wamelowa jasho, weusi kwa majivu, wakihema.

Ruffin alikuwa analia, na si kwa maumivu.

"Moto huu nimeuchimba mimi."

"Nyamaza, unamaliza pumzi."

"Baba yako aliniambia umenyooka. Alikuwa na maana gani?"

Vashti alimfuta uso kwa upindo wa gauni. "Alikuja nyumbani siku ile ile akaniambia. Alisema maji ya humu hayajawahi kujua kwenda moja kwa moja, na sasa umeyafundisha, hayatasahau. Na alisema una mkono mzuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Mbona hukuniambia miaka thelathini na minane?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa naogopa."

"Nilijua," Vashti akasema. "Na mimi nilikuwa na hasira. Sasa simama, niegemee, gari haliji lenyewe."

Ruffin alilazwa wiki tatu. Siku moja akaja mtaalamu wa maji wa hifadhi, Corinne Haskett, binti wa kizungu wa milimani, kuandika ajali ilivyotokea. Alionekana amechoka kuliko mgonjwa. Alieleza kwamba mara mbili ameuziba mfereji ule kwa udongo, na mara mbili maji yamepita chini kwa chini akashindwa kujua wapi.

"Ramani zako zinasema una kina gani?" Ruffin akauliza.

"Futi sita, kutoka mwanzo hadi mwisho."

"Ramani zinadanganya. Ni tisa. Na pale karibu na maili ya tano ni kumi na mbili, maana nilikuta mshipa wa mchanga mwepesi, nikaufuata ili kazi iende haraka. Msimamizi hakutaka kuandika. Maji yako yanatorokea hapo, binti yangu."

Corinne aliacha kuandika. Akamtazama Vashti, kama anayeuliza huyu mzee ana homa au hana.

"Mwamini," Vashti akasema. "Kwa mitambo hajui kusema uongo. Lakini ukishayazuia utayapeleka wapi? Hilo yeye hajui. Hilo uniulize mimi."

Hivyo ndivyo walivyokwenda watatu, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mpaka maili ya tano. Ruffin alikaa kwenye kiti cha jikoni ukingoni, mguu umefungwa bendeji, akimwelekeza dereva wa kijiko. Vashti alisimama upande wa pili akionyesha kwa ufito vijito vya zamani, ambavyo kwa macho ya mtu mwingine vilikuwa majani tu. Walibishana kutwa nzima, kila mmoja kwenye ukingo wake wa mfereji.

"Lango la kuzuia maji liwe hapa!"

"Hapo maji yatazunguka, mume wangu, yatatokea kwa nyuma yako kama dubu wako!"

"Mama yangu, dubu tena!"

"Yule dubu sitamsahau mpaka nazikwa."

Siku ya tatu dereva alisita. Kumwaga udongo kwenye ule mshipa wa mchanga kulitaka mkono mwepesi, na kingo zilikuwa zinabomoka. Ruffin aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akachechemea hadi kwenye mtambo.

"Mzee Eley, sheria haziruhusu," Corinne akasema. "Una miaka sitini na sita na mguu mmoja."

"Basi geukia huko, uhesabu ndege."

Corinne akageuka akahesabu ndege. Ruffin akapanda, akashika vipini, halafu akashusha udongo wa mfinyanzi ndoo baada ya ndoo, taratibu, akiupapasa kwa mgongo wa ndoo kama mtu anayemlaza mtoto. Vashti alisimama ng'ambo ameshika ufito kwa mikono miwili. Hakuwa amemwona mumewe kazini tangu mwaka ule wa 1956; alikataa kwenda. Sasa aliona walichokiona wazee wa kanisani. Mumewe alipoteremka, Vashti alimpokea kwa mkono, akamfunga upya bendeji palepale, wakapanda gari. Njiani, bila kuulizwa, alianza kumsimulia kuhusu kigogota aliyemwona asubuhi. Ruffin aliendesha polepole sana ili wasifike nyumbani upesi.

Lango la mbao na mabati liliwekwa juu ya udongo ule, na maji yakakaa. Hayakurudi kama malaika wa Bwana. Yalirudi kama mgeni mwenye aibu, kwanza kwenye mashimo ya moto, kisha kwenye vijito vya Vashti kimoja kimoja. Sehemu nyingine mashimo yalikuwa na kina mno, yakawa vidimbwi tu vya bata, na mierezi haitaota hapo tena. Ila kwenye kingo, pale moto ulipofungua anga na mboji ikabaki na unyevu, mambo yalikuwa mengine. Mwaka wa pili Corinne alipiga simu akipiga kelele hata asieleweke. Walimkuta amepiga magoti topeni. Mbele yake palikuwa na miche ya mierezi, haijazidi urefu wa kidole, mingi kama bizari iliyomwagika. Vashti alikata kijitawi kimoja kidogo, akakifikicha, akamnusisha Ruffin.

Miaka tisa waliyobakiza pamoja Ruffin alikuwa hakai nyumbani. Alitaka kwenda kila siku: kulikagua lango, kuondoa matawi, kumlaumu dubu aliyependa kukaa juu ya mbao zake. Watu walipotaja Mfereji wa Ruffin aliwasahihisha: "Kizibo. Sema Kizibo cha Ruffin." Hakuna aliyemfuata, jina likishashika limeshika. Alifariki mchana wa mwezi wa kumi na moja, barazani, Vashti akiwa anamenya karanga pembeni yake na kumwambia jambo ambalo hakulimalizia.

Vashti aliishi mjane kwa miaka mingi, na madumu ya Jumamosi alikuwa akiyaleta Corinne, ingawa sasa hayakutoka mbali. Mtu wa mwisho kugombana naye kuhusu maji alikuwa Carlton, mtoto wa kaka yake Ruffin, aliyerithi mashamba. Alikuja asubuhi moja ya masika na buti zake zimejaa tope.

"Shangazi, maji yenu yameingia kwenye karanga zangu. Safu nne!"

"Nne tu?"

"Usicheke, Shangazi! Lile shamba ni la babu yangu."

"Ndiyo. Na kabla ya babu yako?"

"Kabla ya babu yangu sijui."

"Mimi najua. Lilikuwa la maji. Sogeza karanga, mwanangu. Kaa kwanza, mkate wa mahindi umetoka sasa hivi."

Carlton akakaa, akala vipande vitatu huku amekunja uso. Wiki iliyofuata alihamisha zile safu nne, akinung'unika kwa kila aliyepita barabarani. Pale zilipokuwa, maji yalikaa ya rangi ya chai, na bata wakaanza kutua. Vashti aliwaona kutoka dirisha la jikoni, akavaa miwani, akampigia Carlton simu kumwambia wako kumi na mmoja.